Klabu isipolipa mshahara, anayeikopesha ni wewe

Chukua kwamba una miaka 20. Unakaa Kisumu Ndogo hapa Malindi. Asubuhi unaendesha tuktuk ya mjomba, jioni uko Alaskan, unapanda na kushuka ubavu wa kushoto mpaka jua linazama. Siku moja simu inaita, nambari huijui. Sauti inasema: "Kijana, tumekuona. Panda basi uje Nairobi, kuna timu ya Ligi Kuu inatafuta beki."

Nyumbani kunakuwa sherehe. Mama anakuombea dua, mjomba anakutolea nauli, marafiki wanakupiga picha na begi lako mgongoni. Unafika, unafanya majaribio, unapita. Karatasi inawekwa mezani na unaonyeshwa pa kutia sahihi. Mshahara ni Sh25,000 kwa mwezi. Si pesa za kununua ploti, lakini ni mwanzo.

Mwezi wa kwanza unalipwa zote. Wa pili unalipwa nusu. Wa tatu meneja anawaita baada ya mazoezi: "Vijana, tuvumiliane, mdhamini hajatuma. Subira huvuta heri." Wa nne hamna kitu. Wa tano hata meneja hashiki simu.

Kijana huyu ni wa mfano tu. Lakini ukikaa na mtu yeyote aliyewahi kucheza soka ya ligi humu nchini, mwambie akusimulie kuhusu mshahara wake, kisha uone kama hataanza kwa kucheka.

Sasa tufanye hesabu. Nusu ya mwezi wa pili ni Sh12,500. Miezi mitatu iliyofuata ni Sh75,000. Jumla ni Sh87,500. Pesa hizo ziko wapi? Usiseme zimepotea. Umeikopesha klabu. Umeipa mkopo usio na riba, usio na dhamana, usio na tarehe ya kulipwa. Benki ingeikatalia klabu hiyo. Sacco ingeitaka ilete wadhamini kwanza. Wewe ulikubali kwa neno moja tu: vumilia.

Na wakati klabu inakukopa bure, wewe hukopi bure. Mwenye nyumba anataka kodi. Mama mboga amekuandika kwenye daftari lake. Nyumbani wanangoja utume kitu, kwa sababu kila mtu Malindi anajua uko "Ligi Kuu". Unaingia Fuliza, unakatwa ada. Yaani gharama ya deni la klabu unailipa wewe, kidogo kidogo, kila siku.

Hilo ndilo nataka ulielewe leo. Tukisikia "madeni ya klabu" tunafikiria mabenki na matajiri wenye suti. Kwetu Kenya, mkopeshaji mkubwa wa klabu mara nyingi ni mchezaji mwenyewe, na ndiye huwekwa mwisho wa foleni pesa zikipatikana.

Kwa nini mifuko iko mitupu?

Klabu popote duniani ina milango michache ya pesa: viingilio vya uwanjani, haki za televisheni, wadhamini, na kuuza wachezaji. Hapa kwetu milango hiyo hufunguka na kufungwa kama dirisha la upepo wa kusi.

Fuata tarehe hizi. Mwaka 2017, SuperSport ilivunja mkataba wake wa kupeperusha mechi za ligi kuu, baada ya mzozo wa kuongeza timu hadi 18. Mwanzoni mwa 2018, kodi ya asilimia 35 kwa kampuni za kamari ilipoanza, SportPesa ikatangaza kusitisha udhamini wake wa michezo nchini. Ilirudi baadaye, lakini 2019 leseni yake haikufanywa upya, ikaondoka tena. Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili zenye mashabiki wengi zaidi nchini, zikabaki bila mdhamini kwa pigo moja.

Mwaka 2020 kukawa na shangwe. BetKing ilitangazwa kuwa mdhamini wa ligi kwa Sh1.2 bilioni, miaka mitano. Haikumaliza hata miwili. Kufikia 2021 ilikuwa imeshaondoka. Novemba mwaka huohuo serikali ikavunja uongozi wa shirikisho, FKF, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya hadi Novemba. Niambie, ni kampuni gani itatia pesa zake katika nyumba inayowaka moto kila mwaka?

Linganisha na majirani zetu. Mwaka 2021, Azam Media ilitia sahihi na shirikisho la Tanzania mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni, wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni za Tanzania. Uzito wa mkataba huo uko pia katika ile miaka 10. Klabu inayojua mwakani itapata nini inaweza kumwahidi mchezaji mshahara wa mwakani. Isiyojua inabahatisha, na inabahatisha kwa jasho lako.

Kosa basi huanzia hapo. Klabu inasajili wachezaji kwa mikataba ya miaka miwili, ilhali pesa za mdhamini zinaweza kukatika baada ya miezi sita. Zikikatika, klabu haiwezi kuikopa kampuni ya basi, maana dereva hawashi gari bila kulipwa mafuta. Haiwezi kuikopa hoteli. Anayeweza kukopwa ni yule atakayejitokeza mazoezini kesho hata asipolipwa, kwa sababu ana ndoto. Ndiye wewe.

Mfuko mmoja

Kuna klabu ambazo hutegemea mwajiri mmoja. Sisi wa Pwani tunaijua vizuri Bandari FC ya Mombasa, timu ya Halmashauri ya Bandari nchini, KPA. Ikiwa na mgongo huo, Bandari ilimaliza ya pili katika ligi 2018, ikawa ya pili tena msimu wa 2018/19, na 2019 ikanyakua Ngao ya SportPesa. Mchezaji anayelala akijua mshahara uko njiani hucheza na akili yake yote uwanjani.

Lakini mgongo wa mtu mmoja una hatari yake. Waulize Sony Sugar ya Awendo. Walikuwa mabingwa wa ligi 2006. Kiwanda cha sukari kilipolemewa, timu nayo ikalemewa. Msimu wa 2019/20 ilishindwa kufika katika mechi tatu kwa kukosa pesa, na kwa mujibu wa kanuni ikatupwa nje ya ligi Novemba 2019. Bingwa wa nchi alitolewa kwenye ligi kwa kukosa nauli.

Mtu wa Kilifi hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Kiwanda cha korosho kilipoanguka miaka ya 1990, hawakuumia wafanyakazi wa kiwandani peke yao. Waliumia wakulima, wenye maduka, wapangishaji, na kila aliyekuwa akila kwa mfuko ule mmoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na timu ni vivyo hivyo.

Huku mashinani mfuko mmoja una sura nyingine: mwanasiasa. Uchaguzi ukikaribia, jezi mpya zinamwagika kutoka Mtwapa hadi Marafa. Kuna kombe, kuna mbuzi, kuna picha. Kura zikishahesabiwa, nyavu zinachakaa na hakuna wa kumuuliza. Jezi ni zawadi na tunashukuru, lakini timu haiendeshwi kwa zawadi ya kila baada ya miaka mitano.

Umbali nao ni deni

Kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hulisahau. Timu ya Malindi ikipanda hadi ligi inayozunguka nchi nzima, ramani yenyewe inaanza kuila pesa. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Malindi hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 900, kwenda tu.

Tupige hesabu ya mfano. Wachezaji 20, makocha na wasaidizi watano. Safari ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku mmoja au miwili, chakula mara kadhaa, posho ndogo. Hata ukimkadiria kila mtu Sh6,000 kwa safari nzima, hiyo ni Sh150,000. Zidisha kwa safari 10 za mbali kwa msimu: Sh1.5 milioni, kabla hujalipa mshahara wa mtu hata mmoja. Timu ya Nairobi inayocheza na nyingine ya Nairobi hupanda matatu na kurudi nyumbani kulala.

Hapa ndipo timu nyingi za mbali hunaswa. Kiongozi ana Sh150,000 mkononi na mambo mawili ya kuamua: kulipa mishahara au kwenda mechini. Asipokwenda mechini anapoteza pointi na kupigwa faini, na akikosa mara kadhaa timu inafutwa. Asipolipa mishahara, hakuna linalotokea leo. Basi anakwenda mechini. Ukimtazama kama binadamu, utamwelewa. Lakini elewa pia kwamba basi lile limetiwa mafuta kwa mshahara wako.

Ni uchungu kwa sababu vipaji si vigeni hapa. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya 1965, miaka miwili tu tangu ligi ya taifa ianzishwe. Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana tangu 2001, na wasichana hao hao ndio makocha, waamuzi na wasimamizi wa mechi zao. Watu wapo. Kinachokosekana ni utaratibu wa pesa.

Mgeni analipwa, mwenyeji anangoja

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, maana wengi hawaijui. Miaka ya karibuni umesikia klabu kubwa zimefungiwa kusajili. AFC Leopards ilipigwa marufuku na FIFA 2021 kwa madeni ya wachezaji na kocha kutoka nje. Gor Mahia nayo ikapitia marufuku kama hiyo mwaka uliofuata. Mwaka 2023, K'Ogalo walitwaa ubingwa wa ligi lakini wakakosa kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa sababu hawakutimiza masharti ya leseni ya klabu, yakiwemo yale ya madeni. Yaani walishinda uwanjani, wakashindwa kwenye daftari.

Lakini jiulize: mbona majina tunayoyasikia katika kesi hizo ni ya wageni zaidi? Ni kwamba FIFA husikiliza mizozo ya mishahara yenye sura ya kimataifa: mchezaji au kocha wa nchi moja, klabu ya nchi nyingine. Mgeni anaandika barua kwa FIFA, FIFA inaamua, klabu isipolipa inafungiwa usajili. Klabu inatafuta pesa mbio mbio. Wewe wa Malindi uliyecheza pamoja naye, mkadaiana miezi ile ile, kesi yako ni ya humu nchini. Huna kengele ya kupiga Zurich. Basi pesa kidogo zikipatikana, anazilipwa mwenye kengele.

Si lazima iwe hivyo. Uingereza, klabu ya soka ikifilisika, kuna kanuni inayowaweka wachezaji na klabu nyingine mbele ya foleni: wasipolipwa, timu hairuhusiwi kuendelea na ligi kama kawaida. Wapo wanaosema si haki kwa mwenye duka na fundi wanaodai pia, na wana hoja. Lakini angalau mchezaji anajua nafasi yake katika foleni.

Na Italia? Hapa Malindi, ambapo "ciao" tunaijua kabla ya kwenda shule, Waitaliano wamekaa nasi miaka na miaka. Wanajua uchungu huu. Fiorentina ilifilisika 2002. Napoli ya Maradona ilifilisika 2004, ikaanza upya daraja la tatu chini ya mmiliki mpya. Ilirudi Serie A 2007, na 2023 ikawa bingwa. Parma ilitangazwa mufilisi Machi 2015 baada ya wachezaji kukaa miezi bila mshahara, ikaanza tena daraja la nne, na kufikia 2018 ilikuwa imerudi juu.

Tofauti yao na sisi si kwamba wao hawana madeni. Hata Barcelona ilikiri 2021 kuwa na deni la euro bilioni 1.35, na Messi akaondoka akilia. Tofauti ni kwamba kule klabu ikishindwa, kuna siku inatangazwa imeshindwa. Mahakama inafungua vitabu, wanaodai wanaorodheshwa, klabu inaanza chini. Kwetu klabu haifi, inafifia tu. Viongozi wanabadilika, ofisi inahama, na mpya akiulizwa anasema, "Hilo deni ni la uongozi uliopita." Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza lazima deni likubaliwe kuwa ni deni.

Wewe ufanye nini?

Usinielewe vibaya, sikwambii usiende. Nenda. Lakini nenda macho wazi.

Kwanza, mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandika. Usione haya kudai nakala yako. Ipige picha pale pale, mtumie mtu unayemwamini nyumbani. Na kama hukupewa, usikate tamaa: mkifika mahakamani na mwajiri ashindwe kuleta mkataba wa maandishi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai mlikubaliana.

Pili, weka rekodi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa au wa benki wa kila malipo, na andika mwezi usiolipwa. Meneja akisema "tutalipa wiki ijayo", mwombe kwa upole aandike hata kwa WhatsApp. Neno la mdomo hupeperuka na upepo wa bahari.

Tatu, usingoje deni lizeeke. Kanuni za uhamisho za FIFA, kifungu 14bis kilichoanza 2018, zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi ameiandikia klabu na kuipa siku zisizopungua 15 kulipa. Hapo umeona: ni barua kwanza, kuondoka baadaye. Ukitoroka kambi bila barua, wewe ndiwe utakayeitwa mkosaji. Na kwa kuwa kesi yako itasikilizwa humu nchini, tafuta ushauri kabla ya kuchukua hatua.

Nne, jua pa kubisha hodi. Kuna chama cha maslahi ya wanasoka, KEFWA. Kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, SDT, lililowekwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirikisho, na mizozo mingine pande zote zikikubali kuipeleka huko. Na kuna Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo ina kituo hapa hapa Malindi. Madai ya mkataba wa kazi yana kikomo cha miaka mitatu. Ukikaa minne ukisema "nitawashtaki", umeshasamehe bila kujua.

Na nyinyi viongozi wa timu za mtaa, msidhani haya hayawahusu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tuseme kijana mliyemlea tangu miaka 13 hadi 17 anauzwa kwa Sh10 milioni. Kila msimu wa umri wa 13, 14 na 15 una asilimia 0.25, wa 16 na 17 una asilimia 0.5 kila mmoja. Hesabu yenu ni Sh175,000. Ni mipira, ni nyavu, ni safari nzima ya Kisumu. Lakini mtaidai vipi kama kijana alicheza miaka mitano bila kusajiliwa popote? Msajilini rasmi, mhifadhi karatasi. Hiyo ni pesa yenu halali, haitoki kwa mwanasiasa wala kwa mdhamini.

Halafu jifunzeni jambo moja dogo: ahidini mnachoweza. Kama klabu ina uwezo wa kulipa posho ya Sh500 kwa mechi, iseme hivyo na ilipe Sh500. Kijana anaweza kupanga maisha yake na Sh500 ya kweli. Hawezi kupanga chochote na Sh25,000 ya mdomo.

Basi simu ile ikiita tena, nambari usiyoijua, na sauti ikisema "panda basi uje", usikate. Furahi, mwite mama. Kisha jibu kwa adabu: "Asante sana, mkuu. Naomba unitumie mkataba niusome kabla sijapanda basi." Klabu yenye nia njema haitakasirika. Na ile itakayokasirika, itakuwa imekuokolea Sh87,500.